Picha ya Nani?

Katika lugha yetu kiko kiungo kidogo sana, nacho ni ile -a inayounganisha jina na jina. Mtoto huijua kabla hajajua kuhesabu. Hata hivyo kiungo hiki ni kipana kuliko udogo wake. Mtu akisema "picha ya mzee" hakusema neno lisiloeleweka, walakini amesema mambo matatu kwa pumzi moja: picha inayomwonyesha mzee, picha aliyoipiga mzee, na picha iliyo mali ya mzee, aliyoinunua akaitundika ukutani kwake. Nimefundisha jambo hili kwa miaka kumi na minane. Kila mwaka huuandika mfano huo ubaoni, wanafunzi hucheka kidogo, nami hufuta ubao nikaendelea na somo. Sikudhani hata siku moja kwamba mfano wangu mwenyewe ungeniinukia na kunishika mbele ya watu.

Miaka minne iliyopita nilialikwa kusema katika mkutano wa wenye hoteli na waongozaji wa watalii mjini Mombasa. Niliombwa kueleza maneno ya bahari katika Kiswahili na namna yalivyoingia katika maisha ya watu wa pwani. Ujira ulikuwa shilingi 60,000 kwa saa moja. Sisi walimu wa vyuo twasema saa nyingi kwa fedha kidogo, na aghalabu twasema kwa watu ambao wangependa kuwa mahali pengine. Bahasha ile ilinipendeza, na wasikilizaji wanaotaka kusikiliza walinipendeza zaidi. Nililetewa mkataba wa kurasa mbili nikautia saini siku ile ile bila ya kuusoma. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwafundisha wengine kusoma!

Niliona kuwa watu hawa hawakuzoea mihadhara mikavu, kwa hiyo nikatayarisha slaidi ishirini na mbili na video ya dakika mbili. Sikutoka nje ya chumba changu. Niliandika neno katika intaneti, picha zikaja kwa mamia, nikachagua kama mtu achaguaye embe sokoni ambaye hakuna wa kumwuliza bei. Iliyo bora kuliko zote ilikuwa picha ya fundi mmoja amepiga magoti chini ya tumbo la jahazi, nyundo ya mti mkononi, akikalafati. Pembeni yake kulikuwa na kopo la mafuta ya sifa. Jua lilimwangukia mgongoni, na mishipa ya mikono yake ilionekana kama kamba za chombo chenyewe. Ilikuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe. Chini kabisa, katika pembe ya kulia, palikuwa na mstari mfupi wa maandishi ya mkono kwa wino mweupe. Mstari ule uligongana na kichwa cha habari nilichotaka kukiweka. Nikaukata.

Katika slaidi ya mwisho niliandika maneno mawili: "Picha: Intaneti." Nilijiona mwungwana kwa kuandika hata hayo.

Hotuba ilikwenda vizuri. Watu walicheka mahali pa kucheka, wakanyamaza ilipofika picha ya fundi. Nilipokuwa nikikunja nyaya za kompyuta, mtu mmoja wa makamo alinijia. Alikuwa mwongozaji wa watalii. Beji yake ilisema hivyo. Alinisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, ahsante kwa maneno yako. Ile picha ya fundi ni ya baba yangu."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nilimwambia kuwa baba yake alikuwa fundi hodari, kuwa mikono kama ile haipatikani siku hizi, na kuwa jamaa zake wana haki ya kujivuna. Nilisema mengi. Alinisubiri mpaka nikamaliza, kama mtu anavyomsubiri mgeni aliyepotea mlango.

"Siye yule aliyepiga magoti, mwalimu," alisema. "Ni yule aliyepiga picha."

Kisha aliuliza swali moja ambalo sijalisahau. "Jina lake lilikuwa pale chini. Limekwenda wapi?"

Yapo makosa ambayo mtu huyafanya kwa ujinga, na yapo ambayo huyafanya kwa kuwa hakuyaita makosa. Langu lilikuwa la namna ya pili. Katika chuo chetu mimi ndiye niliyejulikana kwa ukali juu ya wizi wa maandishi. Mwanafunzi akichukua aya ya mtu bila ya kumtaja, sikumpa alama hata moja. Mwaka mmoja nilimrudisha nyuma msichana mwerevu kwa sababu ya sentensi nne. Naye alilia mbele yangu, akasema alizikuta katika intaneti, hazikuwa na mwenyewe. Nilimwambia kuwa hakuna sentensi isiyo na mwenyewe. Maneno hayo hayo yalinirudia usiku ule hotelini, nami sikuwa na jawabu la kujipa. Yeye alichukua sentensi nne. Mimi nilichukua kazi nzima ya mtu, nikaikata jina, nikalipwa kwa kuionyesha.

Nilianza kusoma sheria. Sisemi kwamba nimekuwa mwanasheria, lakini mtu aliyezoea kusoma tenzi kongwe hawezi kushindwa na kifungu cha sheria. Vyote viwili vyataka subira. Nilichokitafuta kwanza, nakiri, kilikuwa udhuru. Nilikuwa na nyudhuru kadha, nami nilizipeleka moja moja mbele ya sheria kama mtu apelekaye sarafu kwa sonara.

Udhuru wa kwanza ulikuwa kwamba picha ilikuwa wazi kwa kila mtu. Hapa nilikutana na kisa cha Ulaya ambacho sasa nawasimulia wanafunzi wangu wote. Mwanafunzi wa shule moja nchini Ujerumani alikuwa na kazi ya somo la Kihispania. Akachukua picha ya mji wa Córdoba kutoka ukurasa wa habari za safari, ambamo haikufungwa kwa kufuli lolote, akaitia katika kazi yake, na chini yake akaandika ilikotoka. Shule ikaiweka kazi ile katika ukurasa wake wa intaneti. Mpiga picha, Dirk Renckhoff, alishtaki. Alisema kuwa ruhusa yake aliwapa wale wa safari tu. Shauri lilipanda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg, na mwezi wa Agosti mwaka 2018 mahakama ilimkubalia: kuinakili picha na kuiweka upya mahali pengine ni kuipeleka kwa hadhira mpya, nako kwataka idhini ya mwenyewe, hata kama pale pa kwanza iko wazi. Hukumu ile haitawali Kenya. Lakini niliposoma habari za mtoto yule niliona haya, kwa maana yeye alitaja alikoitoa. Kuandika "Picha: Intaneti" ni sawa na mtu aulizwaye kitabu kakitoa wapi akajibu, "Duniani."

Hata hivyo kisa hicho kina jambo la pili ambalo wengi hulipita. Mtoto hakushtakiwa kwa kuwaonyesha wenzake picha darasani. Kilichozua shauri ni kule kuiweka kazi ile mbele ya ulimwengu mzima. Sisi tusemao mbele ya watu twachanganya mambo haya mawili kila siku. Twaonyesha slaidi kwa saa moja, kisha mtu husimama nyuma ya ukumbi akaomba, "Mwalimu, tutumie slaidi zako," nasi hutuma. Saa ile moja imekuwa miaka, na ukumbi umekuwa dunia.

Udhuru wa pili ulikuwa elimu. Huu niliutegemea sana, kwa sababu una ukweli ndani yake. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, umeacha nafasi ya kunukuu na nafasi ya kutumia kazi za watu kwa kufafanulia mafundisho, kwa kiasi kinachostahili na kwa kumtaja mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo imefungua milango kwa utafiti, kwa matumizi ya mtu binafsi, kwa uhakiki, na kwa kutoa habari za matukio, maadam kazi itumike kwa haki na jina litajwe. Nilisimama katika kila mlango nikajipima. Mimi sikuwa darasani. Nilikuwa hotelini, na waliokuja walilipa kiingilio. Sikuwa mtafiti siku ile. Nilikuwa mtu wa kukodiwa. Uhakiki je? Lau ningaliionyesha picha ili niseme juu ya picha yenyewe, namna mpigaji alivyosimama, mwanga alivyoutega, na kwa nini alimchukua fundi kwa chini, yamkini ningalikuwa na hoja ya kuitetea. Lakini mimi nilisema juu ya neno kukalafati. Picha niliitumia kama pambo, ili watu wasisinzie. Hapo ndipo sheria inapotenga kunukuu na kupamba, nami naona imetenga kwa haki.

Udhuru wa tatu ulikuwa wa video, kwamba ilikuwa dakika mbili tu. Wako wasemaji waaminio kuwa sheria inatoa sekunde thelathini bure kwa kila mtu. Imani hiyo imeenea sana, na haina msingi. Sheria haihesabu kwa saa ya mkononi. Huuliza umechukua nini katika kazi ile, kwa sababu gani, na mwenyewe amepungukiwa nini. Sekunde kumi zaweza kuwa moyo wa filamu nzima. Tena video si kitu kimoja. Ile niliyoionyesha ilikuwa na picha za mtu mmoja, muziki wa taarabu wa mtu wa pili, na sauti ya mwimbaji ambaye naye ana haki yake katika uimbaji wake. Nami sikuiomba kwa yeyote. Mtu akinunua filamu, au akilipa kwa mwezi ili aangalie nyumbani kwake, amenunua haki ya kuitazama pamoja na watu wa nyumbani. Kuionyesha ukumbini ni haki nyingine, na bei yake ni nyingine.

Nyudhuru zilipokwisha, nilidhani nimefika mwisho wa jambo. Sikufika. Wiki mbili baada ya mkutano niliona kuwa waandalizi wameiweka hotuba yangu yote katika ukurasa wao wa intaneti, sauti yangu, uso wangu, na slaidi zangu ishirini na mbili. Nilikasirika. Niliwaandikia barua nikauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuyachukua maneno yangu. Walinijibu kwa upole wakanitumia nakala ya mkataba, na katika ukurasa wa pili walikuwa wameupigia mstari mdogo wa kalamu nyekundu chini ya vifungu viwili. Cha kwanza kilisema kuwa msemaji anaridhia hotuba yake irekodiwe na kutangazwa. Cha pili kilisema kuwa msemaji anathibitisha ya kwamba kila picha na kila video aliyoionyesha ni mali yake au ameipatia ruhusa, na kwamba dai lolote litakalozuka litakuwa juu yake. Saini ilikuwa yangu, wala sikuweza kuikana.

Nakiri kuwa hasira yangu juu ya maneno yangu ilikuja upesi kuliko haya yangu juu ya picha ya mwenzangu. Lakini hasira ile haikuwa ya bure. Msemaji naye ana mali, na mali yake ni maneno. Martin Luther King alisema hotuba yake ya Washington tarehe 28 Agosti 1963 mbele ya watu wapatao robo milioni, na wengine wasiohesabika waliisikia kwa redio na televisheni. Nakala ziligawiwa kwa waandishi wa magazeti. Kabla mwaka ule haujaisha alikwisha kwenda mahakamani mjini New York kuwazuia wale waliokuwa wakiuza sahani za santuri za hotuba ile bila ya ridhaa yake, na mahakama ikawazuia. Mwaka 1999 warithi wake walishindana na kampuni ya televisheni ya CBS, na Mahakama ya Rufani ikasema kuwa kuisema hotuba mbele ya umati, hata uwe mkubwa kiasi gani, si lazima kuwe kuitupa mikononi mwa umma; baadaye pande mbili zikapatana. Filamu ya Selma ilipotengenezwa mwaka 2014, mwongozaji wake alitunga maneno mengine ya kumtia King kinywani, kwa kuwa haki ya hotuba zenyewe zilikuwa zimekwisha kushikwa na wengine. Wapo waonao kuwa hayo ni kumfungia mtu wa watu ndani ya sanduku. Mimi sijui la kusema kwa yakini. Najua tu kwamba King mwenyewe, alipokuwa hai, hakuona kuwa kusema kwa ajili ya watu na kuyamiliki maneno yake ni mambo yanayopingana.

Waandalizi waliiondoa hotuba nilipowaeleza habari za picha. Lakini picha bila ya jina ilikuwa imekwisha kunakiliwa kutoka slaidi zangu, na niliikuta mahali pawili pengine, imekatwa vile vile nilivyoikata mimi. Hapo nilitambua uzito wa kitu ambacho wanasheria hukiita haki za kiadili. Haki hizi ziliingizwa katika Mkataba wa Berne mjini Roma mwaka 1928, nazo zinasema kuwa, mbali na fedha, mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na ana haki ya kupinga kazi yake isikatwe na kugeuzwa kwa namna itakayomvunjia heshima. Sheria ya Kenya inazo pia. Mimi nilikuwa nimegusa zote mbili kwa mkato mmoja.

Nilimtafuta yule mwongozaji, naye alinialika nyumbani kwa mama yake katika Mji wa Kale. Nilipiga hodi baada ya alasiri. Bibi mmoja mwenye umri wa miaka sabini na kitu alikuwa amekaa barazani, buibui lake limelegea mabegani. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanikaribisha kahawa kabla ya kuniuliza nimefuata nini, ijapokuwa alikwisha kujua. Mwanawe alileta bati la biskuti lililojaa bahasha ndogo za filamu. Mumewe alikuwa na studio ndogo, akiwapiga watu picha za pasi na za arusi. Ijumaa alasiri alikuwa akichukua kamera akaenda forodhani na magadini kwa kujifurahisha. Picha hizo za Ijumaa hakuna aliyemlipa. Alikufa mwaka 2003. Mjukuu wake mmoja ndiye aliyeziweka baadhi yake katika intaneti, pamoja na jina, ili babu asisahauliwe.

Nilieleza nilivyofanya, wala sikujitetea. Bibi alisikiliza. Kisha aliniuliza, "Mwalimu, wewe ulilipwa kwa kusema?"

"Ndiyo, mama."

"Kiasi gani?"

Nilimtajia. Alinyamaza, akatazama lile bati. "Basi wewe umelipwa kwa kusema," alisema, "naye kwa kuona nani amemlipa?"

Nilitoa bahasha niliyokuja nayo. Hakuigusa. Alisema kuwa fedha za aibu hazihesabiki, twende kwa mpango. Mpango wake ulikuwa huu: nikiwasomesha watoto chuoni, niionyeshe picha bure, nikialikwa mahali pa kulipwa, nimletee shilingi 2,000 kwa kila mara, na popote nitakapoionyesha, jina liwepo na picha isikatwe. Bibi huyu hakupata kusoma kifungu hata kimoja cha sheria. Alitenga darasa na ukumbi wa kulipia mahali pale pale sheria ilipovitenga, na kwa bei ambayo ingemfanya mwenye kampuni ya picha huko Ulaya acheke. Tuliandika ukurasa mmoja: ni picha ipi, itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, inaweza kutiwa katika slaidi za kugawa au la, nani atapokea fedha. Yeye na wanawe wawili walitia saini, kwa kuwa ndio warithi. Tangu siku ile sijapata kutumia picha ya mtu bila ya ukurasa kama ule, au bila ya leseni iliyoandikwa na mwenyewe.

Leseni za namna hiyo ziko nyingi kuliko nilivyodhani. Shirika la Creative Commons, lililoanzishwa Marekani mwaka 2001, limetunga masharti ambayo mwenye picha anaweza kuyabandika katika kazi yake: wengine hutaka kutajwa tu, wengine hukataza kazi isigeuzwe, wengine hukataza isitumiwe kwa biashara. Msemaji wa kulipwa aliangalie sana sharti hili la mwisho, asijidanganye kuwa hotuba si biashara. Picha ambazo muda wake umekwisha ziko huru. Hapa Kenya muda wa picha ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, ikihesabiwa tarehe ya mwisho kati ya hizo. Ile ya fundi ilipigwa mwaka 1978, kwa hiyo haiwezi kuwa huru kabla ya mwaka 2028 kwisha, na kwa kuwa ilitolewa hadharani baadaye sana, muda wake utakuwa mrefu zaidi.

Nina malalamiko yangu pia, wala sitayaficha. Picha nyingi za babu zetu zilipigwa na wageni kabla ya vita vya kwanza, na leo zimo katika makabati ya Ulaya. Muda wake ulikwisha zamani. Hata hivyo mwalimu wa hapa akitaka nakala iliyo safi hutozwa fedha za kigeni, na mara nyingine hupewa masharti kana kwamba mpigaji alikufa jana. Umoja wa Ulaya wenyewe ulitamka katika Agizo lake la mwaka 2019 kwamba nakala tupu ya kazi ya sanaa ambayo muda wake umekwisha haizai haki mpya. Ningependa kuliona neno hilo likifuatwa pwani kama linavyofuatwa Paris. Lakini sikuweza kulitumia lalamiko hilo kumjibu bibi wa Mji wa Kale. Yeye hakuwa na kabati. Alikuwa na bati la biskuti.

Limebaki jambo moja. Siku ile barazani, tulipokwisha kutia saini, bibi aliichukua picha nzima, isiyokatwa, akaisogeza karibu na macho. Wino mweupe ulisoma jina la mumewe, na mahali, na mwaka. Aliitazama kwa muda. Kisha akamwuliza mwanawe, "Na huyu fundi, yeye ni nani?"

Mwanawe hakujua. Tulitafuta bahasha ya filamu yake. Juu yake marehemu alikuwa ameandika kwa penseli neno moja tu: "Fundi." Katika miaka yote ile jina la mpigaji lilikuwa chini ya picha, na jina la aliyepigwa halikuwapo popote. Sheria ya hakimiliki haimtambui huyu aliyepiga magoti. Haki ya picha ni ya aliyesimama nyuma ya kamera, au ya aliyemwagiza. Aliyepigwa akitaka kulalamika hana budi kwenda katika Katiba, kwenye kifungu cha 31 kinacholinda faragha, au katika Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, nazo hazikutungwa kwa ajili ya mtu kama yeye, aliyekuwa akifanya kazi yake juani mbele ya watu. "Picha ya fundi." Nilisikia ile -a katika kinywa changu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza niliona imebeba mtu.

Bibi alisema niandike mpango ule upya, ikiwa fundi au jamaa zake watapatikana, kwamba zile 2,000 zigawanywe. Tuliuandika.

Mwezi uliopita nilikwenda na nakala ya picha mpaka mahali palipotajwa katika wino mweupe. Vyombo vya mti ni vichache sasa, na vingine vina injini. Niliionyesha kwa mafundi wanne. Wa mwisho, mzee aliyekuwa akisuka kamba chini ya mkungu, aliishika picha kwa ncha za vidole asije akaitia mafuta. Alisema kuwa lile jahazi analijua, na akataja jina la nahodha wake wa mwisho. Fundi alimtazama tena na tena. Kisha akanirudishia picha, akasema nije Ijumaa baada ya sala, yuko mtu Kisauni wa kuulizwa.